UZI: Maswali ya "mambo ya nchi" kwenye usaili wa Utumishi (ajira za Serikali). Desa lako lina tarehe gani?

#1 Msailiwa Sugu

Wakuu, salaam.

Kuna desa la PDF (maswali na majibu ya kukariri) linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kurasa thelathini na kitu, jalada lina nembo ya Taifa iliyokatika pembeni. Jana usiku mdogo wangu kaniletea kwenye simu yake, kafurahi utadhani kapewa barua ya kuitwa kazini. Nikafungua. Waziri Mkuu ni nani? Kassim Majaliwa. Makamu wa Rais? Philip Mpango. Spika? Tulia Ackson. Jaji Mkuu? Ibrahim Juma. Nikamuuliza umelipia? Akasema buku tano.

Majibu yote manne yalikuwa sahihi mwezi Mei 2025. Juni akaapishwa Jaji Mkuu George Masaju. Oktoba 29 ukapita uchaguzi, Novemba 3 Rais Samia na Makamu wake Dkt. Emmanuel Nchimbi wakaapishwa, Novemba 11 Bunge likamchagua Mussa Azzan Zungu kuwa Spika, na siku chache baadaye Dkt. Mwigulu Nchemba akawa Waziri Mkuu. Angalia na mkia wake: Mwigulu alikuwa Waziri wa Fedha, kwa hiyo na lile jibu la Waziri wa Fedha limekufa, sasa ni Balozi Khamis Mussa Omar. Miezi sita tu, mihimili yote mitatu imeguswa, na kijana bado anakariri usiku kucha majina ya wastaafu.

Nafungua uzi huu kwa sababu jambo hili limeshaniumiza mimi mwenyewe. Nimefanya mchujo (mtihani wa kwanza) mara nne, mahojiano mara mbili, nimekaa kanzidata (orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi) miezi saba, sasa nipo kazini kwenye halmashauri moja kati ya zile 184 za Bara. Iliyoniuma zaidi ni ile mahojiano ya kwanza, mapema 2024.

Mchujo nilipata 71, nikaingia Dodoma kifua mbele. Chumba kilikuwa na meza ndefu, watu watano. Mama mmoja mwenye miwani ya kamba alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi, harufu nilikuwa naisikia nilipokaa. Yeye ndiye aliyeuliza swali la tatu: Serikali inapimaje utendaji kazi wa mtumishi mmoja mmoja? Moyoni nikasema hili limeanguka kwenye kapu langu. Nikamwaga OPRAS yote, mkataba wa kazi kati ya mtumishi na msimamizi wake, mapitio ya nusu mwaka, tathmini ya mwisho wa mwaka, mpaka sehemu za fomu. Mama akaweka kikombe chini.

"OPRAS bado inatumika?"

Nikasema ndiyo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kifupi sana.

Nilipochukua simu yangu nje ndipo nikatafuta. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 Serikali ilishahamia PEPMIS kwa watumishi na PIPMIS kwa taasisi. Mtumishi anaweka majukumu yake kwenye mfumo, msimamizi anayaona humo humo. Desa langu lilikuwa la 2019. Nilikuwa nimekariri marehemu, tena kwa ufasaha.

Tangu siku hiyo nikaacha madesa nikaanzisha daftari. Counter book ya kawaida ya kwaya tatu. Kila ninachoandika kina tarehe pembeni, siku niliyokithibitisha. Upande wa kushoto naandika kitu ambacho hakibadiliki, au kinabadilika taratibu: Katiba ya 1977 na ibara zake, majukumu ya ofisi, mikoa 31 (26 Bara, 5 Zanzibar). Kulia naandika kinachooza haraka: majina, bajeti, viwango, mifumo ya kompyuta. Kushoto nasoma mara moja. Kulia napitia kila Jumapili jioni baada ya taarifa ya habari, na ukurasa ukichafuka nauchana naandika upya.

Ukiujua upande wa kushoto, wa kulia unajishika wenyewe. Mfano CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wengi wanakariri jina, Charles Kichere, wanaishia hapo. Paneli ikiuliza CAG anapata wapi mamlaka na ripoti yake anampa nani, kimya. Ibara ya 143 inasema: anaikabidhi kwa Rais, Rais anaagiza iwasilishwe bungeni. Ukishajua mzunguko huo, habari yoyote ya ripoti ya CAG inayotoka kila Aprili unaielewa bila desa.

Namba nazo msizimeze nzimanzima, zitafune. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Ukiisahau, kumbuka mitambo ni 9 na kila mmoja ni megawati 235, zidisha. Sensa ya Agosti 2022 ilitoa watu 61,741,120. Ya 2012 ilikuwa milioni 44.9, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, na ni sensa ya sita tangu Muungano (1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022). Mtego wa "ya ngapi" upo sana, na pengo la miaka 14 kati ya 1988 na 2002 ndilo linalowapoteza watu wanaohesabu kwa kumi kumi.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ndiyo nawaomba mkae nayo kitako. Shabaha mbili zinazotajwa kila mahali ni pato la Taifa dola trilioni 1 na pato la mtu mmoja dola 7,000 kwa mwaka. Chukua kikokotoo, gawanya trilioni 1 kwa 7,000. Utapata watu milioni 140 na ushee. Maana yake Dira yenyewe inategemea tutakuwa zaidi ya mara mbili ya tuliohesabiwa 2022. Hapo hapo una hoja ya shule, ajira, ardhi, maji na hospitali. Nilisema hilo kwenye mahojiano ya pili, mzee mmoja wa paneli akaacha kuandika akanitazama. Sijui kama ndilo lililonipitisha, lakini alinitazama.

Nakaribisha maswali na masahihisho. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Kapuku wa Nkuhungu

Mkuu uzi mzuri ila unawapa watu moyo wa bure. Bila koneksheni utakariri mpaka kipara. Mimi nimetoka Mbeya mara tatu kwa gharama zangu, maana tangazo linasema wazi msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Gesti ya Nkuhungu buku kumi na tano kwa usiku, kunguni bure. Jina langu kwenye PDF la majina sijawahi kuliona zaidi ya mchujo.

#3 Msailiwa Sugu

Kapuku pole kaka, ya kunguni nayajua. Kuhusu koneksheni sina ushahidi wa kukataa wala wa kukubali. Ninachoweza kukuonyesha ni hesabu. TRA (Mamlaka ya Mapato) mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, walioomba ni 135,027. Hapo ni zaidi ya watu 84 kwenye kiti kimoja. Hata usaili ungeendeshwa na malaika, 83 wanarudi nyumbani. Walimu nao, awamu ya kwanza ya kusailiwa Januari 2025, zaidi ya laki mbili kwa nafasi 14,648.

Katika msongamano huo alama mbili za swali la "Bajeti ya 2025/26 ni shilingi ngapi" ni kiti. (Trilioni 56.49. Ile ya 2024/25 ilikuwa 49.35. Zijueni zote mbili, anaweza kuuliza imeongezeka kwa kiasi gani.)

#4 desa_tamu

Mkuu naomba hiyo PDF

#5 Kapuku wa Nkuhungu

Huyu hapa #4 ndiye atakayeajiriwa, shika neno langu 😂

#6 Binti Ugavi

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina mahojiano Jumanne, Afisa Ugavi daraja la II. Mchujo ulikuwa wa kompyuta, ulikuwa maswali ya kada (taaluma yangu) tupu, mambo ya nchi niliyaona mawili tu. Je, kwenye mahojiano wanauliza sana? Na waulizaji wanataka kwa Kiswahili au Kiingereza?

#7 Msailiwa Sugu

Dada Ugavi hongera kwa kuvuka mchujo. Kwa niliyoyaona, mambo ya nchi hayaji yakiwa yamevaa sare. Hawakuulizi "taja Waziri". Yanakuja ndani ya kada yako. Wewe utaulizwa ununuzi wa umma unafanyika kupitia mfumo gani. Ukisema TANePS, ule mfumo wa zamani, umefanya kama mimi na OPRAS. Sasa ni NeST, tangu 2023. Sheria ukitaja ile ya 2011 umekwisha, iliyopo ni ya 2023, Sheria Namba 10, ilianza kutumika Juni 17, 2024, na kanuni zake ni za 2024. Hapo umejibu swali la kada na la mambo ya nchi kwa pumzi moja.

Lugha: sikiliza aliyeuliza, mjibu kwa lugha yake. Mimi niliulizwa kwa Kiswahili nikajikweza kujibu kwa Kiingereza, katikati ya sentensi nikakosa neno la "mfumuko wa bei". Usifanye hivyo.

#8 Mzee wa Faili

Vijana, hamjambo.

Mimi ni mstaafu, nimetumikia utumishi wa umma miaka thelathini na ushee, mwisho nikiwa afisa utumishi wa halmashauri. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo mnayoiogopa, tulipokuwa tunasaili watendaji wa vijiji na madereva. Niseme kidogo.

Huyo mwenye uzi amesema vizuri kuhusu majina. Lakini mnajua kwa nini paneli inauliza jina la Waziri Mkuu? Jina lenyewe halina kazi kwetu. Tunataka kuona kama mtu anayeomba kuitumikia Serikali anaifuatilia Serikali. Kijana mmoja aliomba udereva, tukamuuliza Mkuu wa Mkoa wetu ni nani. Akasema, "Wazee wangu, aliyekuwepo aliondolewa wiki iliyopita, mpya bado sijashika jina lake, ila ametokea wilaya ile ya jirani alikuwa DC." Tulimpa alama zote. Alikuwa anasikiliza redio, imeonekana. Aliyetangulia kutaja jina kamili la aliyeondolewa, kwa sauti ya mkutano wa hadhara, alikosa.

Jambo la pili mnaloliacha ni maadili. Kila kikao lazima liwemo. Kuna misingi minane ya maadili ya utendaji katika utumishi wa umma. Kutoa huduma bora, utii kwa Serikali iliyopo madarakani, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Watu wanaitaja kama shairi la darasa la tatu. Sisi tulikuwa tunauliza hivi: mjomba wako amekuja ofisini, foleni ina watu ishirini, ana mgonjwa nyumbani, anataka saini yako. Unafanyaje? Hapo misingi miwili inagongana na huruma, na ndipo tunapomjua mtu. Wengi wanasema "nitamkatalia mjomba" haraka mno, tunajua anadanganya. Mmoja alisema atamuuliza foleni nzima kama inaruhusu. Tukacheka, lakini tulimwandika vizuri.

Na hivi vidogo msivikose: kipindi cha majaribio ni miezi 12, likizo ya mwaka siku 28, kustaafu kwa hiari miaka 55 na kwa lazima 60. Mfuko wenu wa pensheni ni PSSSF, uliounganishwa 2018 kutoka PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, kwa tangazo la Mei Mosi Singida. Mtu anayeomba kazi bila kujua atalipwa angalau nini, huwa tunajiuliza anataka nini hasa.

#9 Binti Ugavi

Shikamoo mzee. Nimeandika yote. Ile ya mjomba imenitoa jasho.

#10 Mzee wa Faili

Marahaba binti. Jasho ni zuri, litoke leo lisitoke Jumanne.

#11 Treni Kuu

Msailiwa Sugu nakufuatilia kwenye ule uzi wako wa zamani wa miradi. Uliandika SGR Dar–Dodoma ilianza Julai 25, 2024. Si kweli mkuu, ilizinduliwa na Rais Agosti 1, 2024. Usipotoshe watu.

#12 Msailiwa Sugu

Treni Kuu tuko pamoja, ila soma tena nilivyoandika. Nilisema "huduma ilianza". Abiria wa Dar–Moro walianza kupanda Juni 14, 2024. Dar–Dodoma Julai 25. Uzinduzi rasmi ukaja Agosti 1. Tarehe tatu, zote sahihi, kila moja ina swali lake. Nimeshuhudia mtu kwenye mchujo kachagua Agosti kwa swali lililosema "kuanza kutoa huduma". Machaguo yote mawili yalikuwepo pale, A na C, yanamsubiri.

Daraja la Kigongo–Busisi la J.P. Magufuli ndiyo hivyo hivyo, tofautisheni mwaka ujenzi ulipoanza na Juni 19, 2025 lilipozinduliwa. Kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Kivuko kilichokuwa kinakula masaa sasa ni dakika chache.

#13 Treni Kuu

Sawa nimekuelewa. Nilikurupuka.

#14 Mtoto wa Darajani

Assalaam aleikum. Nyinyi watu wa Bara mnasahau kisiwa. Nakuja na yangu machache kwa sababu kila mwaka naona mtu anakosa swali la Muungano kwa kujiamini.

Kwanza, ajira za SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) zina Tume yake ya Utumishi, siyo Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi ya Bara. Lakini kwenye taasisi za Muungano Wazanzibari tuna mgao wa asilimia 21, kwa hiyo na sisi tunakaa kwenye meza hiyo hiyo ya Dodoma.

Pili, mambo ya Muungano. Mtu anasema kumi na moja. Yalikuwa kumi na moja mwaka 1964. Yaliyoorodheshwa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba sasa ni 22. Ukiulizwa, taja yote mawili na useme yameongezekaje, hiyo ndiyo inayoonyesha umesoma.

Tatu, Rais wa Zanzibar zamani alikuwa akiweza kuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri. Hilo liliondolewa na mabadiliko ya Katiba ya 1994, baada ya vyama vingi, ndipo likaja suala la mgombea mwenza. Wengine wanamtaja Dkt. Mwinyi kuwa Makamu. Niliwahi kumsikia mtu nje ya ukumbi akimfundisha mwenziwe hivyo, tena kwa kujiamini kabisa. Nikanyamaza, maana tulikuwa tunagombea nafasi moja. Mungu anisamehe.

#15 Kapuku wa Nkuhungu

Mtoto wa Darajani wewe ni mtu hatari 😂😂

#16 Mwalimu wa Kusubiri

Naomba kuuliza kwa heshima. Wakiuliza kuhusu Oktoba 29 tunajibuje? Mtaani kwetu watu walikufa. Intaneti ilizimwa siku kadhaa. Sitaki kudanganya na sitaki kukosa kazi. Nimehitimu 2017, mnaelewa.

#17 Desa la Jana

Hilo swali usiguse. Sema uchaguzi ulifanyika, kaa kimya.

#18 Mzee wa Faili

Mwalimu, pole sana kwa ya mtaani kwenu.

Sijui kama wataliuliza. Wakiliuliza, jibu linaloweza kuthibitishwa lipo na siyo uongo. Uchaguzi Mkuu ulifanyika Oktoba 29, 2025, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, iliyopata jina na sheria yake mpya mwaka 2024. Kulitokea vurugu na vifo. Novemba, Rais aliunda Tume ya kuchunguza, mwenyekiti wake akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hayo ni mambo ya kumbukumbu ya umma, kuyataja si kosa, na kuyaficha hakukufanyi mtumishi bora. (Na angalieni mtego: Chande ni Jaji Mkuu mstaafu, aliyemtangulia Profesa Juma. Masaju ndiye aliyepo.)

Maoni yako kuhusu nani alaumiwe, paneli haina haki ya kuyadai na wewe huna wajibu wa kuyatoa. Utumishi wa umma hauna chama, hilo lipo kwenye maadili yenyewe. Mimi nimetumikia chini ya marais wanne. Nilikuwa na maoni kuhusu kila mmoja. Mke wangu ndiye aliyeyasikia.

#19 Mwalimu wa Kusubiri

Ahsante mzee. Nimeinakili kama ilivyo.

#20 Kapuku wa Nkuhungu

Na jamani kabla ya kukariri Dira, angalieni vyeti vyenu. Mwaka jana niliyelala naye chumba kimoja gesti, jamaa wa Sumbawanga, kichwa hasa, alikuwa ananifundisha mimi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha kidato cha nne Johana, kitambulisho cha NIDA Yohana tena. Hana hati ya kubadili jina. Mlangoni dada wa kukagua akavipanga vyote vitatu juu ya meza, akaviangalia, akamrudishia. Hakupiga kelele wala nini. Jamaa akatoka akakaa kwenye ngazi na bahasha yake ya kaki magotini. Nilimkuta palepale nilipotoka saa nane. Alikuwa anajua nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na tarehe za kujiunga.

#21 desa_tamu

Nane? Si sita?

#22 Msailiwa Sugu

Desa_tamu hatimaye umeuliza swali, karibu. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, DRC 2022, Somalia 2024. PDF lako linaishia wapi?

#23 desa_tamu

Sudan Kusini

#24 Kapuku wa Nkuhungu

Hilo ni la kale, lipeleke makumbusho.

#25 Msailiwa Sugu

Na ukitoka EAC watakupeleka SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika), wanachama 16, makao makuu Gaborone, sisi tumo. COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) hatumo, tulitoka 2000. Kenya wapo COMESA hawapo SADC. Mchanganyiko huu wanaupenda kuliko wali maharage.

#26 Binti Ugavi

Kaka zangu na mzee wangu, nimerudi. Nimetoka Dodoma jana na treni, Treni Kuu nilikukumbuka.

Paneli watu wanne. Swali la kwanza jitambulishe, la pili hatua za ununuzi kwenye NeST, nikaenda mpaka Sheria na tarehe ya kuanza kutumika, baba mmoja akasema "endelea" nikajua tupo sawa. La maadili lilikuja. Halikuwa la mjomba, lilikuwa la mzabuni aliyekutumia "zawadi ya sikukuu" kwenye simu saa nne usiku. Nikasema nairudisha usiku uleule, halafu asubuhi namwandikia msimamizi wangu. Wakauliza kwa nini usiku uleule. Nikasema ikilala kwenye simu yangu itakuwa imeshakuwa yangu. Wakaandika.

La mwisho ndilo lililonishtua kwa sababu nilidhani ni rahisi. "Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 inaanza lini?" Nikafungua mdomo kusema Julai 17, 2025. Nikaukumbuka ubishi wenu wa treni.

#27 Mzee wa Faili

Ukasemaje?

#28 Binti Ugavi

Nikasema ilizinduliwa Julai 17, 2025 hapo hapo Dodoma, utekelezaji unaanza Julai 1, 2026, na mpaka hapo tupo bado kwenye mwaka wa mwisho wa Mpango wa Tatu wa Miaka Mitano. Wakaniuliza pato la mtu mmoja shabaha ni ngapi, nikasema dola 7,000, nikaongeza na ile ya kugawanya ya Msailiwa. Nilichanganya sifuri kidogo, nikarudia, ikakubali.

#29 Mzee wa Faili

Tarehe ulizitaja zote mbili?

#30 Binti Ugavi

Zote mbili mzee.

#31 Mzee wa Faili

Haya. Kalale. PDF la majina likitoka mtatuamsha.